Moto ya Baba na Njia ya Mafuta

Kama kwenu iko moto ya zamani imelala nyuma ya nyumba, usikimbilie kuiuza kwa kilo. Shemeji yangu alipokufa aliacha Honda CG125. Moteri yake iligonga-gonga mpaka ikakataa kuwaka. Muke wake alipewa bei ya vyuma, na ile bei haikutosha hata masomo ya mutoto moja. Njo sababu niliomba wanipe muda, mimi na kijana wake mukubwa, tuifungue.

Ujue kwanza kwa nini moto hii inastahili taabu. Honda waliitoa mwaka 1976 kwa inchi ambazo moto ni ya kazi: vumbi, mizigo, na mafuta yasiyobadilishwa kwa wakati. Katika moto nyingine ndogo za Honda za wakati ule, kame iko juu, mu kulasi. Mafuta yakipunguka ao yakichafuka, kule juu njo kunaumia mbele. Basi katika CG waliishusha kame chini, karibu na mafuta, na fimbo mbili ndefu zinasukuma supapu toka huko. Hata cheni ya kame hakuna. Moto mingi za Kichina zenye unaona leo zimefuata moteri hii. Ukijua moja, umejua nyingi.

Lakini uchafu ungali uchafu. Mafuta, kama litre moja tu, yanavutwa na pompa kupitia wavu mudogo, kisha yanaingia mu kikombe chenye kuzunguka kwenye ncha ya vilebrekeni, upande wa kuume, nyuma ya kifuniko cha karteri. Kwa ajili ya mbio, uchafu unatupwa pembeni na kushikamana pale. Mafuta yanaendelea mpaka ku biele. Kikombe hiki hakina karatasi ya kubadilisha. Lazima ukifungue na kukipangusa. Mafundi wengi wanabadilisha mafuta miaka na miaka bila kukigusa! Sisi tulikuta matope meusi, magumu sawa udongo wa chungu. Biele ilikuwa inacheza.

Na shida ya pili. Garaji fulani ilikuwa imepaka gundi mingi sana kwenye joint. Gundi yenye kutoka inje unaiona, lakini nyingine inatoka ndani. Kipande kama punje ya muchele kiliziba tundu la mafuta yanayopanda juu, na kulasi ilikauka.

Biele tulimupelekea fundi mwenye presi. Kazi ile haifanywi na nyundo nyumbani. Vitu vidogo tulivifanya wenyewe, na hapo njo kijana alijifunza uvumilivu. Kila tundu la mafuta tulilipulizia hewa mpaka itokee upande wa pili. Vipete vya mpira tulinunua vipya, hata vile vyenye kuonekana vizima. Zile pete mbili za chuma zinazofunga ekseli ya pistoni usizirudishe kamwe: ikiruka moja, silinda imekwisha. Na mbele ya kuzitia, ziba mudomo wa karteri na kitambaa safi, sababu zinapenda kuanguka mule. Midomo ya segma usiipange mustari moja. Mimi ninasema kazi ya moteri ni nusu kupangusa, na vijana hawapendi kusikia neno hilo.

Mbele ya kuwasha tulitia mafuta, tukatoa buji, tukafungua kifuniko cha kulasi. Kijana akapiga kiki polepole, mara nyingi sana. Mama yake alisimama mulangoni bila kusema kitu. Kisha mafuta yakachomoza pale juu, kidogo kidogo, yakateremuka. Tukafunga.

Mafuta ya kwanza tuliyamwaga kisha kilomita 300. Yalitoka na unga-unga wa chuma wenye kung’aa. Ya pili yalitoka safi zaidi. Mama hajauza moto. Siku za soko kijana anamubebea mihogo yake, na funguo inalala kwa mama.