Dawa za Msitu katika Mitaa ya Kibera na Kawangware

Msafiri wa pwani anayefika Nairobi kuwazuru jamaa zake Kibera au Kawangware hulakiwa na mapaa ya mabati, vichochoro na msongamano wa watu. Msitu hauoni. Hata hivyo, majina ya mitaa hii miwili yamehifadhi habari za mwitu. Kibra, katika lugha ya Kinubi, ni msitu. Kawangware nalo huhusishwa na ngware, jina la Kikikuyu la ndege wa jamii ya kwale, ambaye maskani yake ni vichakani. Miti ya zamani imekwisha kwa sehemu kubwa, lakini mazao ya misitu ya mbali yangali yakiingia hapa kila siku: mafungu ya mizizi, magome na majani makavu, yaliyopangwa juu ya magunia kando ya njia. Nyuma ya kila fungu yupo mtu aliyelichuma, naye ana haki juu yetu sisi tunaonunua.

Kibera yenyewe inafundisha jambo hilo. Wanubi, ndugu zetu katika imani, walikuwa askari wenye asili ya Sudan katika jeshi la Mwingereza, wakakaa hapa pamoja na familia zao. Mwaka 1918 ardhi ya ekari 4,197 ilitengwa rasmi kwa ajili ya jeshi. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 2017, jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya ekari 288. Ndivyo inavyoweza kuwapata wenye kuishi na msitu: wengine hunufaika, wao wakabaki na sehemu ndogo.

Kawangware ina wakazi wengi waliotoka magharibi ya Kenya, na pamoja nao umekuja mukombero. Huu ni mzizi wenye harufu tamu inayokaribia vanila, hutafunwa kwa kutia hamu ya chakula na kuondoa uchovu. Wachuuzi huutembeza mikononi kwa vifungu vidogo. Sehemu yake hutoka pande za Msitu wa Kakamega. Kwa kuwa kinachouzwa ni mzizi, kuung'oa wote ni kuua mmea, na ulipochimbwa bila kupandwa ulianza kuadimika msituni.

Kikundi cha wakulima cha Muliru, kilichoko kandokando ya msitu huo, kilichagua njia nyingine. Kwa msaada wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu chenye makao makuu Nairobi, wakulima hao walianza kuotesha dawa mashambani mwao badala ya kuifuata msituni. Zao lao kuu ni mwonyi, mmea ulio jamaa wa mrehani na kivumbasi tunavyovijua nyumbani. Majani hukaushwa, mafuta hukamuliwa kwa mvuke, kisha hufanywa marhamu ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Faida ya mpango huo ni bayana. Anayeuza majani mabichi hupokea bei anayopangiwa na mchuuzi. Anayekamua mafuta ana bidhaa yenye jina, na kazi hubaki kijijini.

Magome yanataka uangalifu zaidi. Muiri, mti ambao gome lake hutengenezewa dawa ya tezi dume Ulaya, hufa ukibanduliwa gome kuuzunguka shina lote. Tangu 1995 biashara yake ya kimataifa imewekwa chini ya mkataba wa CITES. Huku kwetu, wazee wa Kimijikenda walizilinda kaya zao kwa miiko ya ukataji, na mwaka 2008 misitu hiyo mitakatifu ya kaya iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hekima ya wenyeji ndiyo iliyouhifadhi msitu, basi ni haki nao wanufaike nao.

Dini yetu imeifanya mizani kuwa amana. Tumezoea kujihadhari tusipunjwe na muuzaji, lakini mnunuzi naye hupunja anaposhusha bei hadi mchumaji akabakiwa na nauli tu. Kwa hiyo, mama anayenunua dawa na aulize mambo matatu: mmea umetoka wapi, ni sehemu gani ya mmea, na je, umepandwa au umechimbwa msituni? Muuzaji mwaminifu atajibu. Penye hiari, na achague majani au kilichopandwa shambani kabla ya gome na mzizi wa mwituni.

Tahadhari moja haina budi kutajwa. Dawa ya mitishamba si badala ya hospitali. Mtoto mwenye homa kali apimwe malaria mara moja. Mama mjamzito, na mtu atumiaye dawa za presha au sukari, amweleze daktari kila anachokunywa. Unga usiojulikana jina wala asili yake usiingie nyumbani, hata ukisifiwa vipi.

Na aliye na kiwanja, au hata debe la udongo uani, apande mwarobaini, mlonge au mrehani. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa mti aupandao Mwislamu, akala kwao mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwake. Tukipanda vya karibu, tutaupunguzia msitu wa mbali mzigo, na tutakaponunua cha mchumaji tutaweza kumlipa thamani yake.