Sura ya kuazima

Hapa Rusizi, ukisimama kando ya Ziwa Kivu, Bukavu unaiona. Ndiyo maana wengi tunaowapiga video na vijana wetu wanaanza kwa kusema: sura yangu msionyeshe. Tunaweka ukungu usoni. Basi mtu analia, wewe unaona doa tu.

Mwaka 2020 David France alitoa filamu Welcome to Chechnya, juu ya watu waliokimbia kuwindwa kwao. Kwa akili bandia, waliokimbia walivalishwa sura za watu wengine waliojitolea. Macho yanalia, mdomo unatetemeka, mwenyewe hajulikani. Mmoja alipoamua kujitokeza, ile sura ya kuazima ikayeyuka palepale, yake ikabaki. Mimi hapo niliguswa sana.

Nikamweleza mama mmoja wa Kongo. Akauliza: "Na ule mwenye kuazimisha sura yake, wakimukuta kule ng'ambo, watamufanya nini?"

Swali hilo ni zito kuliko mashine. Kwenye filamu ile wengi waliojitolea walikuwa wanaharakati wa Marekani, mbali kabisa. Sisi tungeazimana wenyewe kwa wenyewe, majirani wa juzi.

Kwa sasa tunapiga mikono yake ikichambua maharagwe. Kuhusu sauti, bado anafikiria.