Tiketi ya Mtu Mmoja, Theluji ya Watu Wawili

Hivi wewe na mwenzi wako mara ya mwisho mlikaa meza moja lini, bila simu? Sisi tulishindwa kukumbuka. Tunaishi Johannesburg, mume wangu anafanya kazi usiku, mimi mchana. Yeye anaingia, mimi natoka, kama wapangaji waliokutana koridoni. Hata kununiana kwetu kulikuwa kwa meseji. Na alipoanza kuchukua zamu za ziada, nikajua moja kwa moja: ananikimbia.

Jumapili moja mwezi wa nne akasema, "Mama, mwezi wa saba twende tukateleze kwenye theluji." Nikacheka. Watoto wa Tanga na theluji wapi na wapi? Nikadhani anawaza Ulaya ya mkopo. Kumbe mahali penyewe ni Afriski, kwenye milima ya Maluti nchini Lesotho, kama saa tano tu kwa gari. Msimu wake ni Juni hadi Agosti, baridi ya huku kusini.

Daftari lilifichua mengi

Tukachukua daftari. Chumba siku mbili, mafuta, chakula, kukodi skii na viatu vyake, kofia ngumu, ada ya mashine ya kukuvuta mpaka juu, na mwalimu. Jumla ilinitisha. "Hela ipo," akasema. Ipo wapi? "Zile zamu za ziada."

Nilinyamaza, halafu na mimi nikasema ukweli wangu. Nilikuwa naweka pembeni hela ya tiketi ya kwenda Tanga. Ya mtu mmoja, ya kwenda tu. Hakupandisha sauti. Aliuliza, "Tangu lini?" Tuliongea hadi usiku wa manane, na safari tukaiacha kwenye daftari kwa penseli.

Wiki iliyofuata tukaipitisha kwa kalamu.

Barabarani

Kama mnapanga kwenda, wekeni nafasi mapema, maana Julai shule za Afrika Kusini zina likizo. Katikati ya wiki watu hupungua. Angalieni pasi na masharti ya viza, na gari likiwa la mkopo au la kukodi, ombeni barua ya kuvuka nalo mpaka. Sisi tulipita Bethlehem na Fouriesburg, tukavuka Caledonspoort, tukajaza mafuta Butha-Buthe. Randi inapokelewa sawa na loti, hivyo msihangaike kubadili pesa.

Baada ya hapo ni kupanda. Njia ya Moteng inafika mita 2,820, kona juu ya kona, na vijana wachunga mifugo wamejifunika mablanketi mazito ya Kisotho. Ondokeni alfajiri mfike mchana, na ulizieni hali ya barabara kabla, kwani ikiganda huenda mkahitaji minyororo ya matairi. Afriski yenyewe iko zaidi ya mita 3,000, juu kuliko kibanda cha Mandara kule Kilimanjaro. Kichwa kiliniuma siku ya kwanza. Kunyweni maji mengi, pakeni losheni ya jua, na msivae jinzi: inalowa, kisha inakuwa barafu mapajani.

Mume si mwalimu

Mteremko mkubwa una urefu wa kama kilomita moja, na sehemu kubwa ya theluji yake hutengenezwa kwa mashine usiku wa baridi kali. Pembeni kuna mteremko mdogo wa wanaoanza. Mume wangu, aliyewahi kwenda mara moja na wafanyakazi wenzake, akajifanya profesa. "Kunja magoti! Si hivyo!" Nikaanguka mara sita. Ya saba nikakaa palepale, machozi yananitoka, na ule ununio wetu wa nyumbani ukarudi mzima mzima.

Kijana wa Kisotho anayefundisha akanisaidia kusimama, akamwomba mzee kwa adabu akanywe chai. Akanionyesha jambo moja: ncha za skii zikutane mbele, visigino vipanuke nyuma, utapunguza mwendo. Kwa saa moja tu nikashuka mwenyewe mpaka chini. Mume wangu alikuwa amesimama pale na kikombe, anapiga makofi kama mwehu.

Basi mpenzi msomaji, ushauri wangu: lipieni mwalimu hata kama itabidi mpunguze siku moja. Mpango wote upimwe kwa yule mwenye woga zaidi kati yenu. Na daftari mlifungue wote wawili, kila mtu na hela yake mezani.

Desemba tunakwenda Tanga. Tiketi ni mbili, za kwenda na kurudi.