Ufito wa Farasi Mdogo

Ndugu mwanachuo, nimefundisha hisabati kwa miaka mingi nikiamini kwamba naijua skeli. Mwaka 2019 nilikwenda kumtembelea dada yangu anayeishi Lexington, katika jimbo la Kentucky, Marekani. Huko binti yake wa miaka kumi na mmoja alinionyesha kuwa nilichokijua ni kanuni tu.

Jimbo hilo ni mashuhuri kwa ufugaji wa farasi, na wapo watoto na watu wazima wanaokusanya farasi wa sanamu na kuwashindanisha. Tamasha la kampuni ya Breyer, lililoanzishwa mwaka 1990, hufanyika mjini humo. Katika mashindano hayo mwenye sanamu hupanga mandhari ndogo, kwa mfano farasi anayeruka kiunzi, na mwamuzi hutazama kama kila kitu kinalingana na farasi halisi.

“Mjomba, nitengenezee kiunzi,” aliniomba. Nikakata tawi la unene wa sentimita 3, nikalibandika kwa gundi juu ya nguzo mbili, nikajisifu. Mtoto aliweka farasi wake kando ya kazi yangu, akanyamaza kwa adabu, kisha akasema, “Mjomba, huyu anaruka gogo.”

Akaleta rula. Sanamu yake ilikuwa ya skeli ya 1 kwa 9. Kwa hiyo tawi langu lilikuwa mti wa unene wa sentimita 27! Ufito halisi una kipenyo cha sentimita 10 hivi, na urefu wa mita 3.6 ni wa kawaida. Tulipogawanya kwa 9 tukapata kijiti cha sentimita 1.1 kwa 40. Kiunzi cha sentimita 90 kikawa cha sentimita 10.

Kosa la pili lilikuwa gundi. Ufito hulazwa juu ya vishikizo vyenye kina kidogo ili uanguke ukigongwa. Usipoanguka, farasi huweza kupinduka pamoja na mpandaji. Mwisho tukasimamisha vibendera viwili: chekundu kuliani kwa anayekuja kuruka, cheupe kushotoni.

Usiku ule sikulala mapema. Nilimkumbuka mwanafunzi wangu mmoja wa zamani aliyeuliza, mbele ya ramani ya 1 kwa 50,000, “Mwalimu, hiyo moja ni moja ya nini?” Nilimjibu akariri kanuni, tena nikamwita mzembe mbele ya wenzake. Hakuuliza tena mwaka mzima. Swali lake lilikuwa ndilo somo lenyewe, nami nililizima.

Niliporudi nyumbani niliiacha ramani hadi baadaye. Wanafunzi walipima dawati lao, wakagawanya kwa 10, wakatengeneza dawati dogo kwa mabua na maboksi makuukuu. Aliyekosea kugawanya hakungoja kalamu yangu nyekundu; aliona mwenyewe kuwa miguu ya dawati lake imekuwa kama ya twiga, akacheka, akapima upya.

Basi, nawe utakapofundisha skeli, anza na kitu ambacho mtoto anaweza kukishika na kukipima. Na akikuuliza moja ni moja ya nini, weka chaki chini umsikilize. Mimi yule wangu sijamwona tena hata nimwombe radhi.