Wimbo Uliobanwa: Sauti ya Filamu Dagahaley

Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Methali hiyo yafaa iwe mwongozo wa kijana wa Dagahaley anayetaka kuipamba filamu yake fupi kwa wimbo wa Kisomali ulioimbwa kabla hajazaliwa.

Dagahaley, mojawapo ya kambi za Dadaab katika kaunti ya Garissa, ilifunguliwa mwaka 1992, baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991. Wengi waliofika huko waliokoa roho zao. Kanda za nyimbo zilibaki nyuma. Kule Hargeysa, mwaka 1988, kanda za redio zilifukiwa ardhini ili mabomu yasiziteketeze. Ndiyo maana, kwa kijana huyu, wimbo wa wazee wake huishi ndani ya simu katika umbo la MP3.

Dakika moja ya muziki wa CD huchukua takriban megabaiti 10. MP3 ya kawaida huibana hadi megabaiti 1 hivi. Wimbo huo haukunjwi kama nguo sandukuni, bali hukatwa kwa mkasi: programu hutupa sauti ambazo sikio linakisiwa halitazihisi.

Katika spika ndogo ya simu, pengo hilo halidhihiriki. Filamu, hata hivyo, hulifichua. Wimbo hukuzwa, huwekwa chini ya mazungumzo, kisha filamu nzima hubanwa tena. Mbele ya spika kubwa, makofi huchakacha kama majani makavu na nyuzi za kaban hupoteza mng'aro. Wapo wadhanio kwamba dawa ni kuigeuza MP3 iwe WAV. La hasha! Faili hunenepa, lakini kilichotupwa hakirudi.

Basi afanyeje? Kwanza, amtafute mzee aliyehifadhi kanda, airekodi katika WAV kwa sampuli 48,000 kila sekunde, kama ilivyo desturi ya filamu. Nakala hiyo isiguswe. MP3 iwe ya kusambazia tu. Iwapo kilichosalia ni MP3 peke yake, aihifadhi kama ilivyo, kwani afadhali sauti yenye pengo kuliko kimya.

Hata hivyo, asikawie. Ukanda wa sumaku huchakaa, na wanaoyakumbuka maneno ya wimbo huzeeka. Vyote viwili vikitoweka, hakuna tarakilishi itakayouimba upya.