Ramani Mkononi: Kutoka Masisi Hadi Msitu wa Walikale

Uko mchezo mmoja unaopendwa sana na watu wa Ulaya na Marekani. Mtu huficha kikopo porini, chini ya jiwe au katika tundu la mti, hutia ndani yake kidaftari, kisha huwatangazia wenzake namba za mahali pale. Hao hushika ramani na kifaa kidogo cha mkononi kiitwacho GPS, huenda kukitafuta, na wakikipata huandika majina yao na kukirudisha palepale. Hawapati mshahara wala tuzo. Furaha yao ni kupata tu. Mchezo huo ulianza tarehe 3 Mei 2000, karibu na Beavercreek katika jimbo la Oregon, Dave Ulmer alipoficha ndoo yake msituni. Siku moja kabla, serikali ya Marekani ilikuwa imeacha kuzipotosha kwa makusudi ishara za satelaiti zake, na vifaa vya raia vikaanza ghafla kuonyesha mahali kwa usahihi ambao jana yake haukuwapo.

Huku kwetu Kivu ya Kaskazini sijasikia mtu aliyeficha kikopo namna hiyo. Masisi na Walikale, mtu akifukia kitu msituni, hafukii kwa mchezo. Lakini kifaa kilekile nilikibeba mwenyewe mwaka 2019, nilipoombwa na jamaa wa kijiji kimoja cha Walikale niwasaidie kuandika mipaka ya msitu wao. Mimi ni mwalimu wa shule, nimefundisha jiografia miaka mingi, nao waliamini kwamba mwenye kufundisha ramani anajua kuitengeneza. Mtaona mbele jinsi imani yao ilivyopata mtihani.

Tufunge safari basi. Ukitoka Goma kwa njia ya ziwa unafika Sake, na hapo barabara inaanza kupanda milima. Unapita Mushaki, unapita Matanda, na pande zote ni vilima vya kijani vyenye ng'ombe, kama blanketi lililokunjwakunjwa. Huko ndiko inakotoka jibini ya Masisi, zile duara za manjano ziuzwazo sokoni Goma. Kaskazini yako mamaziwa madogo ya Mokoto, penye monasteri ya Watrapisti iliyoanzishwa mwaka 1954. Nayo pia imeonja machungu ya vita, maana mwaka 1996 wamonaki walilazimika kuikimbia. Vijana hushuka mteremko na chukudu zilizojaa makaa na viazi, nawe dereva huna budi kuwapisha.

Jioni, huko Masisi, nilifungua ramani mezani na kuwasha kifaa. Watoto wa nyumba ile wakanizunguka. Niliwaonyesha jambo ambalo mimi mwenyewe lilinishangaza nilipoliona mara ya kwanza: Masisi na Walikale ziko karibu katika mstari mmoja wa latitudo, zaidi kidogo ya digrii moja na dakika ishirini kusini ya ikweta. Anayetaka kutoka huku kwenda kule angeelekea magharibi tu, bila kupinda. Kifaa kilisema kilomita 83 hivi.

“Basi kesho jioni mtafika,” akasema mtoto mmoja.

Baba yake akacheka sana. Kifaa hupima kama ndege anavyoruka. Hakijui daraja lililovunjika, wala tope, wala mto uliofurika. Kutoka vilima vya Masisi vinavyozidi mita 1,500 unateremka mpaka mita 700 hivi kwenye bonde la mto Lowa. Baridi inakwisha, malisho yanakwisha, na baada ya Nyabiondo msitu unaanza kukufunika. Sehemu moja tulikwenda kwa pikipiki, sehemu nyingine tuliisukuma hiyo pikipiki, na sehemu nyingine tuliiacha kabisa tukaenda kwa miguu. Hesabu ya kilomita 83 niliiacha siku ya pili.

Ninyi wanafunzi, pengine mnauliza: kifaa hiki kinajuaje mahali kilipo? Huko juu, kilomita zipatazo 20,200 kutoka ardhini, zinazunguka satelaiti za Marekani; mpango wao unataka zisipungue 24. Kila moja ina saa iliyo sahihi ajabu, nayo hutuma ishara daima ikisema, “Mimi ni fulani, sasa ni saa fulani.” Ishara husafiri kwa mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Kifaa hutazama imechelewa kiasi gani, na kutokana na kuchelewa huko hupata umbali. Akikosea saa kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, amekosea mita 300! Akisikia satelaiti nne vizuri, anaweza kujua yuko wapi duniani, pamoja na kimo cha mahali. Mahali peupe hukosa kwa mita chache tu. Chini ya miti mikubwa ya Walikale mambo ni mengine: majani yenye maji hudhoofisha ishara, na mashina huirudisha kama mwangwi. Hapo inakupasa utafute penye mwanya wa anga, uweke kifaa juu, ungoje kwa subira, kisha ndipo uandike.

Ramani kwetu zina historia yake. Lake Kivu haikuonwa na Mzungu msafiri mpaka mwaka 1894, Graf von Götzen wa Ujerumani alipofika hapo, kisha akaukata msitu kwenda magharibi hadi mto Lualaba. Lakini mpaka wa nchi ulikuwa umekwisha kuchorwa huko Ulaya karibu miaka kumi kabla, juu ya karatasi, na watu ambao hawakujua ziwa liko wapi. Wazungu waligombania jambo hilo hata mwaka 1910 ndipo walipoafikiana huko Brussels. Walioishi hapo hawakuulizwa kitu. Nasema hivi ili mjue kwa nini mzee wa kijiji akiona karatasi imekunjuliwa mezani huvuta kiti chake karibu na kutazama kwa jicho kali.

Na safari hii wazee walikuwa na sababu ya kuivuta karatasi kwao. Tarehe 2 Agosti 2014 serikali ya Kongo ilitoa amri inayoziruhusu jamaa za wenyeji kupewa msitu walioishi nao tangu mababu, hata kufika hektari 50,000, bila kuwekewa mwisho wa miaka. Hati hutiwa sahihi na gavana wa jimbo. Jamaa kadhaa za Walikale zimekwisha kuzipata. Lakini hati haitoki bila ramani, na ramani haikubaliwi bila majirani kukubali mipaka yake. Hapo ndipo neno lilipo. Mahali penye mbao, dhahabu na kasiterite, mstari ukipita kulia au kushoto kwa mto ni jambo la kufarakanisha ndugu. Bisie ilikuwa msitu mtupu. Mwaka 2002 mawe ya kasiterite yalipojulikana, maelfu ya wachimbaji wakaja, na wenye bunduki wakawafuata.

Tulianza bila kifaa chochote. Wazee, wanawake na vijana walikusanyika kwenye barza, wakachora nchi yao chini kwa kijiti: mkaa ulikuwa barabara, majani ya ndizi mito, kokwa vijiji. Wanaume walichora vilima na njia za mitego upesi. Kisha mama mmoja akasema, “Mmesahau vijito vyetu,” akainama, akachora vijito saba ambavyo wanawake huvikinga kwa tope na majani ili kuvua samaki wakati wa kiangazi. Mwanamume hata mmoja hakuweza kuvitaja vyote kwa majina. Tulinakili mchoro ule juu ya karatasi kubwa, nao ndio uliokuwa kiongozi wetu siku zote.

Kisha tukaingia msituni, watu kumi na mmoja, pamoja na wazee wawili kutoka kijiji cha jirani, ili wasije wakasema tulipima gizani. Aliyetangulia alikuwa mzee aliyepita miaka sabini, asiye na viatu. Mpaka wake ulikuwa na alama zake: hapa kijito kinapozamia chini ya mwamba, pale mti mkubwa uliopigwa na radi, halafu mahame ya kijiji cha babu zake, penye michikichi iliyobaki peke yake katikati ya miti ya porini. Penye kila alama alisimama, akasimulia, na majirani wakaitikia au wakabisha. Walipoitikia, ndipo mimi nilipobonyeza kifaa na kuandika namba daftarini kwa kalamu ya risasi. Wino, mvua ya Walikale huufanya kuwa maji ya buluu. Betri za akiba nilizifunga katika mfuko wa plastiki, nikazilinda kuliko chakula.

Mahali pamoja mzee alisimama, lakini akanizuia mkono.

“Mwalimu, hapa usiandike.”

“Baba, si alama ya mpaka?”

“Ni makaburi. Walio wetu wanayajua. Wengine, ya nini?”

Sikuandika. Nimefahamu baadaye kwamba hata wale wanaofuata nyayo za sokwe wakubwa katika misitu hiyo, wakihesabu vitanda vyao kwa GPS, hawatangazi namba zao ovyo, maana jangili naye anaweza kuzisoma. Mwaka 2016 wataalamu walikisia kwamba sokwe wa namna hiyo, wasiopatikana popote ila mashariki ya Kongo, walikuwa wamebaki 3,800 hivi. Hesabu mpya ya mwaka 2021 ikapandisha kadirio hadi 6,800. Ramani nzuri ni pamoja na kujua la kuacha.

Sasa niungame kosa langu. Siku ya tatu kifaa cha kwanza kilizimika kwa maji, nikatumia cha pili. Sikutazama kwamba kile cha kwanza kiliandika digrii kwa desimali, na cha pili digrii, dakika na sekunde. Penye alama moja kilisema digrii 1, dakika 25, sekunde 30 kusini. Usiku, kwa mwanga wa tochi, nikanakili 1.2530 kana kwamba ni desimali. Jamani! Dakika 25 na nusu ni sehemu ya sitini ya digrii mara ishirini na tano na nusu. Iliyo sahihi ni 1.4250. Tofauti ya namba hizo mbili ni ndogo kwa macho, lakini ardhini ni kilomita 19. Nilikuwa nimeuchukua mti uliopigwa na radi nikaupanda kaskazini, katika msitu wa watu wengine.

Ramani ilipochorwa mjini na kuletwa barzani, mstari wa mpaka uliruka kama panzi. Majirani walisimama. Mmoja wao alisema kwa sauti kuu kwamba ndiyo sababu waliitwa msituni, wasindikize wizi. Vijana walianza kukunja mikono ya mashati. Nami nilikuwa nimekaa pale, mwenye kifaa na diploma, sioni kosa liko wapi.

Mzee yule hakupaza sauti. Alitia kidole juu ya karatasi akaniuliza, “Mwalimu, siku ile kutoka kijitoni mpaka kwenye mti, tulipumzika mara ngapi?”

“Mara moja, baba.”

“Na hapa pana mwendo gani?”

Nikapima kwa rula. Ulikuwa mwendo wa siku nzima. Wale wawili wa jirani, waliotembea pamoja nasi, wakakiri: kweli, tulipumzika mara moja tu, tena palepale tulipokula mihogo. Nikaleta daftari langu, nikasoma ukurasa mbele ya wote, na hapo nikauona uovu wa kalamu yangu. Nikaomba radhi kwa vijiji vyote viwili. Kama daftari lingaliandikwa kwa wino, sijui tungalimalizaje.

Atakayeshika kazi hii baadaye na aweke basi vifaa vyote katika namna moja ya kuandika kabla ya kutoka nyumbani. Na akilinganisha na ramani za wakati wa Wabelgiji, akumbuke kwamba zilipimwa kwa kuanzia misingi mingine. Namba zilezile huweza kuangukia mamia ya mita mbali. Pia abebe barua yenye muhuri wa mwami na wa msimamizi wa teritori. Kwenye kizuizi cha njiani mtu mwenye kifaa kinacholia pii-pii hudhaniwa mpelelezi, au mtafuta madini, na sijui lipi ni baya zaidi.

Tulirudi msituni, tukapima upya alama tisa. Safari hii wazee wa jirani ndio waliotangulia. Ramani ya pili ilipokunjuliwa, mama yule wa vijito alitafuta vyake saba kwa kidole, akavipata sita. Cha saba kilikuwa kimeandikwa jina lisilo lake. Akaniomba kalamu ya risasi.

Tangu wakati huo vita vimerudi. Januari 2025 Masisi iliangukia mikononi mwa wapiganaji wa M23, na Machi mwaka uleule wakaingia Walikale, wakakaa kama majuma mawili, kisha wakaondoka. Nilipopata habari za kijiji kile, mjumbe aliniambia watu walikuwa wamekimbilia msituni, kwenye mahame, penye michikichi. Kutoka huko walirudi wote, na karatasi ilikuwa imebaki kwa katekista, ndani ya dumu la mafuta lililokatwa shingo.