Miaka Yangu Ndani ya Kiini

Katika umri wangu wa kazi, ambao sehemu yake kubwa niliipitisha nikitunza mitambo ya mawasiliano inayoendeshwa na Linux, hapana jambo lililonishughulisha kuliko kuvuja kwa memori ndani ya kiini cha mfumo. Programu ya kawaida ikisahau kurudisha ilichokopa, dhara yake hukoma inapofungwa, kwani kiini huingia kati kikatwaa kila ukurasa wa baiti 4096 uliokuwa milki yake. Lakini kiini chenyewe hakina msimamizi juu yake, na kilichopotea humo hakirejei ila mtambo uzimwe. Wengi waliridhika na huko kuzima, wakauwasha upya kila juma usiku wa manane. Mimi sikuliafiki jambo hilo kamwe, maana lilikuwa likificha ila bila ya kuiondoa.

Mtambo mmoja ulinitaabisha kuliko yote. Katika faili la slabinfo, ambamo kiini huorodhesha vipande vya memori kilivyovitoa, niliona kundi la vipande vya baiti 256, ambavyo 16 hujaza ukurasa mmoja, likiongezeka saa baada ya saa, hata wakati wa usiku ambapo makundi mengine yametulia. Utaratibu huu wa kuweka pamoja vipande vya aina moja aliueleza Jeff Bonwick mwaka 1994, alipoutunga kwa ajili ya SunOS, nami naustahi sana, kwa kuwa pamoja na wepesi wake hudhihirisha upotevu katika hesabu. Ila hesabu hutaja kundi, haimtaji mkopaji. Ili kumjua, ilinilazimu nijenge kiini upya pamoja na kmemleak, kazi ya Catalin Marinas iliyoingia katika Linux mwaka 2009, ambayo huandika kila kipande kilichotolewa, kisha hupekua memori ikitafuta anwani zake. Kipande kisichoelekezwa na chochote hapana tena awezaye kukirudisha, basi hutangazwa pamoja na silsila ya fanksheni zilizokiomba.

Silsila ile ilinifikisha kwenye kiendeshi cha kadi ya mtandao. Fanksheni moja, iliyoisaili kadi hali yake kila baada ya muda mfupi, iliomba kipande cha kuwekea jawabu. Kadi ilipochelewa kujibu, fanksheni hiyo ilirejea na namba ya kosa kabla ya kuufikia mstari wa kfree, unaorudisha kipande, na anwani ikapotea. Njia ya heri ilikuwa safi kabisa. Njia ya shari ndiyo ambayo mwandishi wake hakuipitia. Tangu hapo kila msimbo niliopewa kuukagua niliuanza kwa njia zake za makosa. Nilisahihisha kasoro ile, nikampelekea mwandishi wa kiendeshi ushahidi wote, naye akaukubali. Na waliozoea kuuzima mtambo kila juma nikawaomba waifute amri hiyo katika ratiba yao.